Chiriku mmoja, majina mawili?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko Sinza, napenda sana ndege. Nimeona picha ya chiriku wa Marekani aliyekaushwa makumbusho, kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi kimeandikwa jina la kisayansi, Carpodacus mexicanus, ila vitabu vipya vinasema Haemorhous. Wamekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajakosea, ndege ni yuleyule, jina lilibadilishwa 2012 baada ya vipimo vya DNA, na kikaratasi cha zamani hakitupwi maana ndo ushahidi wenyewe, tarehe, mahali, dume au jike. Asili yake ni magharibi mwa Amerika Kaskazini, wale wa New York, upande wa mashariki, wametokana na waliofunguliwa huko kwenye mwaka 1940 hivi, sasa bila tarehe utajuaje walivyosambaa? Ukitafuta kwenye kompyuta andika majina yote mawili.