Kununua revolva, mpya au iliyotumika: kagua silinda kabla ya rangi

Revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi, ikiwa imetumika inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko mpya, lakini mng'ao wake haukuambii lolote. Ipo iliyochubuka rangi kwa kukaa kwenye mfuko wa kiunoni huku mtambo wake ukiwa haujachoka, na ipo iliyosuguliwa na muuzaji mpaka inang'aa ili kuficha kutu. Uamuzi utoke kwenye silinda: inavyozunguka, inavyofunga, na inavyokaa nyuma ya mtutu.

Kibali cha kumiliki silaha kishughulikie kwanza, maana mara nyingi ndicho kinachoamua kaliba (kipimo cha risasi) unayoruhusiwa. Baada ya hapo fikiria kazi. Bastola ndogo ya risasi tano, yenye fremu ya alumini na uzito wa gramu 420 hivi, ni nyepesi kubeba, ila teke lake humfanya mwanafunzi afumbe macho kabla ya mlio. Kwa ununuzi wa kwanza napendekeza ya chuma kitupu, uzito wa karibu kilo 1, mtutu wa inchi 4. Ukipata ya risasi za .357 Magnum, itakubali pia za .38 Special, ambayo ni laini zaidi mkononi kwa mazoezi. Kinyume chake hakifai kabisa: usiweke .357 kwenye bastola ya .38. Ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 na kitu, na shinikizo lake ni kubwa mno.

Soma pia maandishi ya kaliba kwenye mtutu. .38 S&W si .38 Special. Revolva nyingi za Smith & Wesson za Vita Kuu ya Pili zilizotengenezwa kwa risasi ya .38 S&W ya Waingereza zilichongwa baadaye ili zipokee .38 Special. Matundu yake ni mapana, hivyo maganda hutoka yamevimba au yamepasuka.

Sasa ukaguzi. Fungua silinda, tazama kila tundu kwa macho kisha ligusie kidole, hata kama muuzaji amekuapia kuwa haina kitu. Omba ruhusa kabla ya kufyatua tupu, yaani bila risasi. Kwa .22 usifyatue kabisa, kwa sababu pini inaweza kugonga ukingo wa tundu na kuuharibu.

Funga silinda, weka kidole juu yake kama breki nyepesi, ukoki nyundo, yaani uivute nyuma mpaka ishike, polepole. Kufuli la silinda lazima liingie kwenye kijishimo chake kabla nyundo haijashika nyuma. Rudia kwa kila tundu, maana tatizo linaweza kuwa kwenye moja tu. Kufuli likichelewa, kikonyo kinachosukuma silinda au meno ya nyota nyuma yake yamelika. Hapo tundu halikai sawasawa na mtutu, risasi hunyolewa ikiingia, na vipande huruka pembeni na kumjeruhi aliyesimama kando. Fundi bunduki anaweza kuirekebisha, lakini gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Kisha shusha nyundo ukiwa umebana kifyatulio nyuma, uendelee kukibana, utikise silinda kushoto na kulia. Kuchezacheza kidogo ni kawaida kwa Smith & Wesson na Ruger. Kwa Colt za zamani, kama Python za kabla ya 2005, silinda inapaswa kutulia kabisa.

Nafasi kati ya silinda na mtutu ipime kwa fila geji ya fundi magari (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi). Milimita 0.10 hadi 0.20 ni nzuri, ikizidi 0.25 siinunui. Ipime silinda ikiwa imesukumwa mbele, kisha nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mchezo wa silinda, na ikikaribia 0.1 tayari imechoka. Washa nyembamba za kuziba mchezo huo zipo, ila kazi ni ya fundi.

Zungusha silinda iliyo wazi ukitazama kijiti cha kutolea maganda. Kikiyumba, kimepinda. Mkono unaobeba silinda nao hupinda kwa tabia ya kuifunga kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono. Muuzaji akikuonyesha mtindo huo, ondoka.

Mwangaza uelekeze kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu. Kwa Smith & Wesson Model 19 na nyingine za fremu ya K (herufi ya ukubwa wa fremu) za .357, upande wa chini wa mdomo huo umechongwa bapa ili silinda ifunge, kwa hiyo ni mwembamba, na risasi nyepesi zenye nguvu huupasua hapo. Fremu ya L ilitolewa 1980 kwa ajili ya udhaifu huo. Ufa ukionekana, acha. Duara jeusi ndani ya mtutu huashiria uvimbe. Nalo ni la kuacha.

Koki tena, ondoa kidole kwenye kifyatulio, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba. Ikianguka, kuna mtu aliyepiga tupa ndani. Skrubu zenye vichwa vilivyoparuzwa husimulia habari hiyohiyo.

Ruger za kukoki kwa mkono za kabla ya 1973 hubebwa na risasi tano tu, nyundo ikiwa juu ya tundu tupu, isipokuwa zile ambazo kiwanda kimezifungia kipande cha usalama. Kazi hiyo Ruger huifanya bure.

Mpya nayo ipitishe kwenye vipimo hivihivi kabla hujalipa. Kuna zinazotoka kiwandani mtutu umefungwa upande, au nafasi ya silinda ikiwa finyu kiasi kwamba inakwama ikipata joto na masizi. Faida yake ni dhamana, basi jaribu mapema: kwa revolva yoyote piga silinda tatu kamili kwenye uwanja wa shabaha, mbili kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja bila kukoki. Fataki (kiwashio kwenye kitako cha ganda) ikigongwa kidogo bila kulipuka, angalia skrubu iliyo mbele ya mshiko, ambayo kwenye Smith & Wesson nyingi hukaza springi ya nyundo. Mara nyingi imelegezwa au kukatwa ili kifyatulio kiwe laini. Ikaze mpaka mwisho. Ikiwa fupi, skrubu mpya ni rahisi kupata.