Kaizari aliyetoweka miaka kumi bila mtu kushtuka

Mmeuliza wiki hii: ni mtawala gani wa kubuni aliyepata misukosuko mingi kuliko wenzake, na nani alaumiwe? Najua wengi watakimbilia wafalme wendawazimu, wale wa kuchoma miji na kuua ndugu zao. Mimi wangu alikuwa na akili timamu. Ni Uriel Septim VII, Kaizari wa Tamriel katika gemu za The Elder Scrolls. Alitawazwa mwaka wa 368 wa Enzi ya Tatu akiwa kijana wa miaka 22, akauawa mwaka wa 433 akiwa mzee wa miaka 87. Miaka 65 kitini, ila kumi kati ya hiyo hakuwepo kabisa.

Mwaka wa 389 Jagar Tharn, mchawi mkuu wa vita wa ikulu na mtu wake wa karibu, alimnasa na kumfungia katika ulimwengu mwingine, kisha akajivika sura yake na kukalia kiti cha enzi. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini usaliti wenyewe haunishangazi. Hadithi za kifalme zimejaa mawaziri wa namna hiyo. Kinachonishangaza ni kwamba Tharn alidumu mpaka 399. Muongo mzima Baraza la Wazee lilikuwa na kaizari bandia, na maisha yakaendelea. Aliyeujua ukweli mapema ni Ria Silmane, mwanafunzi wa Tharn mwenyewe, naye aliuawa kabla hajafungua mdomo. Ikabidi awe mzuka wa kumjia shujaa ndotoni ndipo habari zianze kutoka!

Huku nje, majimbo yalikuwa yanachinjana. Elsweyr na Valenwood walipigana miaka mitano, na ikulu haikunyoosha mkono. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hukumu kali kuliko zote juu ya dola ile: mtu alikaa pale hatawali chochote, na wakubwa wakaona ni kawaida ya wafalme. Uriel mwenyewe anabeba sehemu ya lawama hapa. Miaka yake ya mwanzo alitawala kwa kupanua himaya, kwa ujanja na vitisho, na Tharn huyo huyo ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Ukikusanya mamlaka yote kwenye sura moja, usishangae atakayeiba hiyo sura akiwa ameiba kila kitu.

Kumkomboa ndiyo kazi ya gemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994: mchezaji anatoka gerezani na kuzunguka bara zima akitafuta vipande vinane vya fimbo ya kichawi. Asiyeicheza hajakosa mengi. Mahandaki yake yanachosha.

Uriel aliyerudi alikuwa mtu mwingine, mvumilivu, wa kupanga mambo polepole na mbali. Mwaka wa 417 utitiri wa vifalme kandokando ya Ghuba ya Iliac uligeuka ghafla kuwa dola nne tu, kufuatia mkasa ulioanza na wakala aliyemtuma yeye kimyakimya. Wenyewe waliuita Muujiza wa Amani. (Daggerfall, gemu inayosimulia mkasa huo, ina miisho kadhaa inayopingana, na watunzi wakaamua yote ilitokea kwa wakati mmoja. Ujanja wa kujinasua, lakini nimeukubali.) Mwaka wa 427 akaagiza mfungwa mmoja asiyejulikana atolewe jela na kupelekwa kisiwa cha Vvardenfell, na mfungwa huyo ndiye aliyekuja kuzima balaa la huko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wenzangu wanaomwona mtakatifu. Tazameni anawaamini akina nani baada ya kutoka kifungoni: wafungwa, mawakala wa siri, walinzi wake wa Blades. Namwelewa. Mtu aliyezibwa miaka kumi na mshauri wake hawezi tena kulala usingizi akiwa na washauri. Ila ile nyumba iliyoshindwa kutambua kwamba mwenyewe hayupo, hakuijenga upya. Aliizunguka tu, na kuizunguka kukamgharimu.

Aliyecheza Oblivion, gemu ya mwaka 2006, anakijua kilichofuata. Uko selo, mfungwa wa selo ya mbele anakudhihaki, mara walinzi wanaingia kwa haraka na kukuamuru usogee dirishani. Nyuma yao yuko mzee mwenye hirizi ya kito chekundu shingoni, Uriel mwenyewe. Anakutazama na kusema amekwisha kukuona ndotoni. Ukutani kuna njia ya siri, na njia hiyo imepita ndani ya selo yako. Unawafuata gizani, unapigana na panya, unawakuta tena, na yule mzee anazungumzia kifo chake kwa utulivu kama mtu anayesubiri mgeni aliyemwalika. Anakukabidhi hirizi. Kisha muuaji anatokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiulinda. Nimejaribu kusimama mbele ya mzee, nyuma yake, kukimbilia muuaji kwanza, mzee anakufa vilevile. Watunzi hawakuacha upenyo.

Kufikia saa hiyo wanawe watatu, Geldall, Enman na Ebel, wameshauawa. Mtoto wa nne yupo, Martin, wa nje ya ndoa, kuhani katika mji wa Kvatch ambaye hata hajui baba yake ni nani. Aliyeijua siri hiyo ni Jauffre, mkuu wa Blades, aliyejificha kwa joho la mtawa. Baraza halikuambiwa. Kwa hiyo hirizi inayohitaji damu ya Septim ili malango ya kuzimu yabaki yamefungwa inaishia mfukoni mwa mfungwa, na Kvatch inateketezwa kabla huyo mfungwa hajafika. Siri iliyomlinda Martin miaka yote ndiyo iliyomwacha bila hata askari mmoja mlangoni siku wauaji walipomfahamu.

Martin aliokoa dunia kwa kuivunja hirizi na kufa. Hakuvikwa taji hata siku moja, na ukoo wa Septim ukaishia hapo, pamoja na Enzi ya Tatu.