Simulizi ya sauti bila picha

Ndugu yangu, umeuliza kama simulizi ya sauti tupu, isiyo na picha, inaweza kueleza uhusiano wa watu wa Mombasa na bahari na misitu yao. Kwa maoni yangu inaweza, na pengine kuliko video, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu hiyo imo katika msamiati wa wavuvi wenyewe: mzee anapotamka kaskazi na kusi, yaani pepo za misimu, au bamvua na maji mafu, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana au kidogo, kwa maneno machache tu amekwisha kukueleza upepo unavyovuma na maji yanavyojaa, na msikilizaji wa Likoni hahitaji kufasiriwa.

Niliwahi kurekodi kwa simu kando ya mikoko ya Tudor maji yalipokuwa yakipwa, nikidhani pamenyamaza kabisa; niliposikiliza nyumbani nikakuta matope yanatatarika kama mafuta kikaangoni, na kwa mbali shoka linagonga mti. Sauti ya shoka sikuikata, maana huo nao ni uhusiano.

Ukitaka kuingia katika kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambayo baadhi yake UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, omba kwanza idhini ya wazee, kwani si kila jambo la mle husimuliwa nje. Na ukirekodi ufukweni, funika maikrofoni kwa kipande cha sponji, la sivyo upepo wa kusi utameza maneno yote ya mzee wako.