Chuo hakiitambui frateniti: kijana wangu akijiunga ataadhibiwa?

SWALI: Kijana wangu anasoma mwaka wa pili katika chuo binafsi jimbo la Massachusetts, Marekani. Amealikwa kwenye frateniti, zile jumuiya za wanachuo wa kiume zenye majina ya herufi za Kigiriki. Chuo hakiitambui. Je, Katiba ya Marekani haimlindi? – Mama wa mwanafunzi, Arusha

JIBU: Mama, swali la kwanza ni chuo ni cha nani. Uhuru wa kujumuika katika Katiba ya Marekani unaibana serikali. Vyuo vya umma vimo. Chuo binafsi hakimo. Mwaka 1972, katika kesi ya Healy dhidi ya James, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema chuo cha umma hakiwezi kukinyima chama cha wanafunzi utambuzi kwa kuchukia tu fikra zake. Hata huko frateniti hazijapata nafuu kubwa: mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilikiruhusu chuo cha umma cha Staten Island kuinyima utambuzi frateniti iliyopokea wanaume peke yao.

Kwa kijana wako, kinachotawala ni kitabu cha kanuni za wanafunzi, ambacho mahakama hukichukulia karibu kama mkataba. Kisome kwa makini, kwa sababu "hatuitambui" na "ni marufuku kujiunga" ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza maana yake hakuna ukumbi, hakuna fedha, hakuna kutumia jina la chuo. Mwanafunzi mwenyewe hajavunja kitu. La pili linamgusa yeye. Chuo cha Amherst, jimbo hilohilo, kiliacha kuzitambua frateniti mwaka 1984, zikaendelea nje ya chuo miaka 30. Mwaka 2014 kikawakataza wanafunzi kushiriki kabisa, na kwa kuwa ni chuo binafsi, kilikuwa na nafasi hiyo.

Harvard nayo ilijaribu kuwanyima uongozi na unahodha wa timu wanachama wa klabu zisizotambuliwa zinazopokea wanaume peke yao au wanawake peke yao. Ikashtakiwa mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaifuta sera hiyo. Kilichoibana Harvard ni sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, si uhuru wa kujumuika.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni viza. Mwanafunzi wa kigeni akisimamishwa masomo, chuo kinapaswa kuripoti kwa mamlaka za uhamiaji, na hadhi yake ya ukaaji inaweza kukatika. Mwenzake Mmarekani atarudi nyumbani kwao kungoja muhula. Wako huenda akalazimika kuondoka nchini.

Halafu kuna usiku wa kuingizwa uanachama. Massachusetts inalihesabu kuwa kosa la jinai tendo lolote la kuwaingiza wanachama linalohatarisha afya yao, mfano kumlazimisha mtu kunywa pombe: faini hadi dola 3,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, chama kitambuliwe kisitambuliwe. Kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Hata aliyeshuhudia asiripoti anaweza kutozwa hadi dola 1,000.

Mwambie akupigie picha ukurasa wa kitabu unaotaja vyama visivyotambuliwa, na asilipe ada ya uanachama kabla hamjausoma pamoja.