Bastola au bunduki ndefu: ushauri kwa anayeanza

Mwanafunzi mpya anayefika kwenye uwanja wa shabaha kwa nia ya kujilinda huniuliza kwanza, karibu kila mara, ni ipi yenye nguvu zaidi kati ya bastola na bunduki ndefu ya begani. Jibu ni rahisi, ila halimsaidii sana. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina uzito wa takriban gramu 8 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, ikibeba nishati inayokaribia jouli 500. Ile ya bunduki ndefu ya milimita 5.56 ina gramu 4 tu, lakini hutoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde na kupita jouli 1,600.

Nguvu hiyo haina maana iwapo risasi haifiki ilikokusudiwa, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Bastola hutegemea mikono pekee, na vilengeo vyake vya mbele na nyuma vimeachana kwa kadiri ya shubiri moja, hivyo kosa dogo la kidole hukua sana kabla ya kufika kwenye shabaha. Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili, ikakazwa begani na kuegemewa na shavu. Nimeona wanafunzi wa siku ya kwanza wakipiga vizuri kwa bunduki katika mita 25, kisha wakahangaika na bastola katika mita 7.

Mimi mwenyewe nilijiona hodari wa bastola hadi siku mwalimu wangu alipochanganya risasi bandia katika magazini yangu, yaani kisanduku cha risasi, bila kuniambia. Nilipoifikia, hakukuwa na mlio, lakini mdomo wa bastola ulizama chini kama uliovutwa kwa kamba, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeushtukia mshindo kabla haujatokea. Zoezi hilo bado nalifanya, na ninakushauri ulianze mapema, maana kasoro hiyo haijitangazi yenyewe.

Pamoja na udhaifu huo, bastola ina sifa ambayo bunduki haiwezi kuipata: huacha mkono mmoja huru wa kufungua mlango, kumshika mtoto au kupiga simu ya polisi. Katika ujia mwembamba, mtutu mrefu humtangulia aliyeushika kwenye kona na unaweza kukamatwa na mtu aliyejificha upande wa pili.

Kuhusu kuta, wageni wengi huamini kwamba risasi ya bastola husimama ukutani na ya bunduki hupenya. Ukweli ni kwamba zote hupenya kuta nyepesi za ndani, na mara nyingi risasi nyepesi yenye kasi huyumba na kuvunjika baada ya ukuta wa kwanza, ilhali ile nzito ya bastola huendelea na safari. Hata hivyo, usimweke mtu nyuma ya ukuta kwa kutegemea hilo. Mlio wa kila moja hupita desibeli 140, na ndani ya chumba bunduki huumiza masikio zaidi.

Sheria huja kabla ya upendeleo wako. Nchi nyingi huibana bastola kuliko bunduki ndefu, na si kila mahali kujilinda kunakubaliwa kuwa sababu ya kupewa kibali.

Kwa silaha itakayokaa nyumbani, ikitumiwa na watu wazima wawili wenye nguvu tofauti, mimi huelekea kwenye bunduki ndefu. Bastola humfaa mwenye kibali cha kuibeba ambaye yuko tayari kufanya mazoezi kila wiki. Anayeniambia kwamba hana muda wa mazoezi kabisa, humwomba anunue kwanza kufuli imara na taa za nje, kisha arudi kwangu muda huo utakapopatikana.