Kaburi la mjomba wako

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako niliupata Alhamisi usiku, nikausoma mara tatu. Umeuliza kwa nini kaburi la mjomba wako halina msalaba, na kama ni kweli yale uliyosikia wamama wakinong'ona jikoni kwenye matanga, kwamba amekufa hamwamini Mungu. Halafu ukaongeza: "Mama, mtu aliyelelewa kanisani anafikaje huko? Na kutoamini ni nini hasa? Ni kumchukia Mungu?"

Ni kweli, hakuamini. Hakuamini kwa zaidi ya miaka 30, na msalaba ni mimi niliyekataza usiwekwe. Wazee wa ukoo wameninunia mpaka leo.

Najua ulivyoelezwa, maana nami nimeelezwa hivyo hivyo: kwamba alikasirika alipofiwa na mtoto. Watu wetu wakisikia fulani haamini, hutafuta kidonda. Na kweli vidonda vipo. Kuna mama mmoja hapa sokoni aliuza cherehani yake, akapanda "mbegu", yaani akatoa pesa zote sadaka madhabahuni, akaambiwa asubiri muujiza ndani ya miezi mitatu. Leo ukimtajia kanisa anainuka anaondoka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu Wakatoliki, uliandika mwaka 1965 kwamba sisi waamini tunaweza kuchangia sana watu kufika kwenye ukanamungu, kwa mafundisho mabovu na maisha yasiyolingana na tunayohubiri. Nikimwona yule mama nasikia aibu kwa niaba ya wote tuliokuwa tukiitikia "amina". Ila ukikaa naye vizuri utagundua kwamba yeye bado anamwamini Mungu. Wanaohubiri ndio asiowaamini tena.

Mjomba wako hakuwa hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimembandika kidonda cha mtoto, mpaka aliponisahihisha. Tulikuwa barazani tunamenya karanga za kupanda, umeme umekatika, tochi ya simu tumeiegemeza kwenye ungo. Nikamwambia, "Tangu mtoto afariki, umekuwa mgumu kwa Mungu." Akaacha kumenya. "Dada, mimi niliacha kuamini miaka minne kabla mtoto hajazaliwa. Usimfanye mwanangu kuwa sababu."

Ndipo akanisimulia habari za 1987. Alikuwa kijana, ameajiriwa reli hapa hapa Tororo. Wapiganaji wa Alice Lakwena, yule mwanamke aliyeasi serikali akidai anaongozwa na roho, walikuwa wakishuka kutoka kaskazini kuelekea Jinja, wakapigania hapa njiani. Walitembea wima, wakiimba nyimbo za dini, wamejipaka mafuta ya shea kifuani, wameambiwa kwamba aliye safi risasi haimpati. Baada ya mapigano yeye na wenzake waliitwa kusaidia kubeba miili. Aliyembeba alikuwa kijana wa miaka kama 17, na mafuta yalikuwa bado yanang'aa shingoni, vumbi jekundu limegandia juu yake. "Nikajiuliza," alisema, "huyu imani yake ilipungua wapi? Alikuwa nayo kunishinda. Mimi nisingetembea wima kwenye ile barabara."

Nikamjibu kwa haraka, kama mwalimu niliyekuwa. Nikamkumbusha mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, walioenda motoni Namugongo wakisali. Nikasema nguvu ile haitoki bure. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wale Waislamu waliouawa kwa amri ya Mutesa, baba yake Mwanga, miaka kumi hivi kabla yao? Nao hawakurudi nyuma. Nguvu ya imani inanieleza habari za moyo wa mtu. Habari za mbinguni hainielezi."

Sikuwa na jibu la kumpa. Ninalo nusu tu mpaka leo, na silipendi kulitamka kwa sababu najua angelivunja.

Hakuacha kuamini siku ile. Aliendelea kwenda misa karibu miaka sita, anapiga magoti, anasema maneno yote, na miaka ya mwisho anajua kwamba anaongea peke yake. Kilichomfanya aache ni ubatizo wa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, nimesimama ubavuni pake. Padre akauliza, "Je, mnamwamini Mungu, Baba Mwenyezi?" Sote tukajibu. Yeye nikasikia kimya. Nikadhani ni malaria, maana wiki ile alikuwa ametoka kuumwa. Kumbe mwenzangu alikuwa amefika mahali ambapo kusema "naamini" kungekuwa uongo mbele ya mwanawe.

Machi 2000 ilipotokea ile ya Kanungu, mamia ya watu wakateketea ndani ya kanisa lao, wengi nchini walianza kuuliza maswali kuhusu imani. Yeye alisoma gazeti akalia, akalikunja, akaenda kazini. Maswali yake yalikuwa ya zamani.

Sasa unauliza kutoamini ni nini. Mwanangu, naanza na neno lenyewe, kwa kuwa limenisumbua. Sisi tunasema "mkana Mungu". Lakini kukana ni alichofanya Petro usiku ule uani, anaota moto, anasema simjui mtu huyu, na huku amekula naye na kutembea naye miaka. Anayekana anamjua anayemkana. Mjomba wako hakukana. Alitazama, hakuona mtu, akasema hajaona. Kumchukia Mungu kungemtaka kwanza awepo wa kuchukiwa, na chuki ya namna hiyo sikuwahi kuiona kwake. Wala hakupiga kelele kwamba ana hakika hayupo. Alisema, "Sioni sababu ya kusema yupo. Nikiipata, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa." Alimaanisha. Hakuipata.

Na usitishwe na majina. Wakristo wa kwanza wenyewe waliitwa watu wasio na Mungu, kwa kuwa hawakuiabudu miungu ya Roma. Mtakatifu Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, aliambiwa na liwali aseme "Waondolewe wasio na Mungu", na waliokusudiwa walikuwa kondoo wake.

Wengine watakuambia asiyeamini hana kinachomzuia kutenda ubaya. Karo yako ya Senior Four mpaka Senior Six, baba yako alipofariki, ililipwa na nani? Kwenye kesi yetu ya shamba, alipoitwa kutoa ushahidi, aliomba kuthibitisha badala ya kuapa kwa Biblia. Sheria inaruhusu, lakini watu walimcheka, na upande wa pili ukauliza atasadikiwaje. Angeweza kuishika Biblia dakika moja tu na mambo yakaisha. Aliniambia ameitwa pale kusema kweli, hawezi kuanza na uongo.

Kilichomuumiza kilikuwa upweke, hasa matangani. Kila anayefungua mdomo anasema Mungu ndiye mpangaji, nawe uchague kuitikia usichoamini au ukae kimya uonekane huna utu. Katika sensa ya 2014 waliojiandikisha kuwa hawana dini walikuwa 0.2 kwa kila watu 100 nchini. Nina la kukiri hapo. Mjomba wako alikuwa anaishi nami, karani alipobisha mimi ndiye niliyefungua, na alipouliza dini ya wakazi nikasema, "Wote Wakatoliki." Yeye alikuwa chumbani, mlango wazi, anasikia. Hakusema kitu. Jioni aliniambia tu, "Leo umenihesabu ambapo sipo." Nilikasirika, nikamwambia nimemkinga na aibu. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba aibu ilikuwa yangu.

Makarani wa sensa walipokuja tena Mei 2024 nilimwita barazani ajibu mwenyewe. Yule binti aliuliza swali, akajibiwa, akanitazama mimi kama anayetaka nimsahihishe mgonjwa. Nikamwambia aandike alivyoambiwa.

Kwa hiyo usishangae habari ya msalaba. Aliniomba mambo mawili tu: asizikwe kwa misa, na nisimwekee alama asiyoiamini. Wiki zake za mwisho nilikuwa nasali rozari kando ya kitanda, nikamuuliza kama namsumbua. "Sali," akasema, "mimi nasikiliza." Namwombea kila usiku. Hilo ni langu na hakunikataza. Kama nimeogopa? Ndiyo, nimeogopa, na nimemwambia Mungu hivyo, kwamba huyu ni ndugu yangu na hakuwahi kunidanganya.

Fundi wa kaburi bado anangoja maneno ya kuandika kwenye saruji. Nimefikiria jina, miaka, na "Fundi wa reli". Niambie kama unaona kuna la kuongeza, kabla ya Jumamosi, maana anakwenda Busia asubuhi.

Mama yako