Maswali ya Wasomaji: Baiskeli kwenye barabara za vumbi, Sao Hill hadi Chunya

Kamwene mhariri. Tuko vijana sita hapa Mafinga, baiskeli zetu ni za mtumba, rimu 26. Tumechoka kupepesushwa na mabasi kwenye barabara kuu. Tunataka kupita ndani ya shamba la miti la Sao Hill tutokee kwenye chai. Tupite wapi, na tuende lini?
*Msomaji, Mafinga*

Kamwene. Kabla ya kuuliza njia, ulizeni udongo. Udongo mwekundu wa Mufindi ukikauka, tairi hupita juu yake vizuri kuliko kwenye lami yenye mashimo. Ukilowa, hauendesheki. Unanata kwenye tairi, unazoa majani ya misindano na vijiwe, unajaa kwenye foki mpaka gurudumu linagoma. Hapo anayelazimisha pedeli ndiye anayevunja kile kisikio kinachoshika kibadilishaji gia, na vipo vya maumbo mengi kiasi kwamba cha mwenzako hakikufai. Gurudumu likianza kuwa zito shuka, kwangua tope kwa kijiti, sukuma ukipita kwenye majani ya pembeni. Kabla ya safari pimeni: kati ya tairi na foki kipite kidole kidogo kila upande. Kisipopita, wekeni tairi nyembamba zaidi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Sisi tungechagua mwishoni mwa Juni hadi Agosti. Septemba na Oktoba vumbi ni jingi, na ndio wakati wa moto msituni, kwa hiyo walinzi wanakuwa wakali, na wana haki. Msibebe jiko, na mvutaji aache sigara nyumbani. Juni na Julai ondokeni saa tatu asubuhi, si saa kumi na mbili: kwenye mabonde umande huganda, na vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki.

Kuhusu njia, uti wa mgongo wenu ni barabara ya Mafinga kwenda Mgololo, kama kilomita 80. Inapita kwenye miti, kisha chai, halafu inashuka kwenye kiwanda cha karatasi. Mara ya kwanza geuzieni Sawala, kabla ya kufika Mgololo. Mgololo iko chini sana kuliko Mafinga, na kila mteremko mtakaoufurahia asubuhi mtaulipa jioni mkiwa mmechoka.

Barabara za ndani zinadanganya. Nyingi zilichongwa kwa ajili ya uvunaji, na huishia pale magogo yanapopakiwa. Dalili ni hii: alama za matairi ya lori zikianza kupishana na kugeuka kila upande, na maganda ya miti yametapakaa, mmefika mwisho, rudini. Njia za kuzuia moto nazo si barabara. Zimekatwa moja kwa moja kupanda na kushuka bila kujali mwinuko, na chini ya majani makavu kuna visiki vilivyokatwa kimshazari. Ramani ya simu ipakueni kabla, kwa kuwa mtandao hukatika, lakini msiiamini kuliko alama za chini: kitalu kilichovunwa mwaka huu huwa na barabara mpya ambayo ramani haina.

Shamba lile lipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Nendeni ofisini mkaombe ruhusa siku chache kabla, mkitaja idadi yenu na njia, na muulize jambo moja la maana kuliko yote: wiki hiyo wanavuna wapi. Huko msiende.

Mkikutana na lori la magogo, msisimame kwenye kona. Tela hukata kona kwa ndani, na ncha za magogo yanayochungulia nyuma hupepea kwa nje. Pande zote mbili ni hatari. Mkisikia injini inanguruma mahali msipopaona, rudini kwenye kipande kilichonyooka, tokeni kabisa barabarani, subirini vumbi litulie. Malori hayo mara nyingi huwa mawili au matatu, na la pili limo ndani ya vumbi la kwanza.

Kila nikiingia kwenye changarawe napata pancha, na kila mara matundu ni mawili yaliyo jirani. Fundi anasema ni miiba. Najaza paundi 20 ili baiskeli iwe laini. Tairi ni 26 x 1.95, nina kilo 68.
*Dada wa Makambako*

Dada, mwiba hutoboa tundu moja. Matundu mawili yaliyopangana ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na kingo za rimu, kwa sababu upepo ni mdogo. Kwa uzito wako jaza paundi 30 mbele na 34 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko unakokalia. Ukibeba mzigo kwenye keria, ongeza 4 nyuma. Usipande mpaka 50 ukidhani ndiyo usalama: tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto na kukosa mshiko kwenye kona. Mwenye tairi la 700 x 40 na uzito kama wako aanzie 36 hadi 40.

Bado usimpuuze fundi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Kikinasa, kuna mwiba uliobaki. Unapoziba, piga msasa mpaka mng'ao wa tyubu uishe, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 hadi ikauke kwa kugusa, ndipo ubandike kiraka. Viraka vingi vinavyobanduka vilibandikwa gundi ikiwa bado mbichi.

Nimeona picha za Ulaya, watu wanaendesha baiskeli kwenye migodi ya zamani iliyogeuzwa misitu. Je, Chunya haiwezekani? Dhahabu imechimbwa pale tangu enzi za mkoloni.
*Mwalimu, Mbeya*

Inawezekana, ila si kwa namna ile, mwalimu. Eneo la Ruhr, Ujerumani, mgodi wa makaa wa Zollverein ulifungwa 1986, na karibu na hapo, kati ya Bochum na Gelsenkirchen, njia ya reli iliyobeba madini imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli. Reli haiwezi kupanda mlima mkali, ndiyo maana mtoto na mzee wote wanaimudu. Kwetu reli iliyopo ni TAZARA, na treni bado zinapita. Kandokando yake si mahali pa mazoezi.

Eneo la Lupa, hukohuko Chunya, lilivamiwa na watafuta dhahabu miaka ya 1920 na 1930, na wachimbaji wadogo wapo mpaka leo. Hakuna aliyefukia kila kitu. Kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa bila uzio, na nyasi za miombo zikirefuka baada ya mvua, mdomo wa duara hauonekani hata ukiwa hatua mbili. Kwa hiyo sheria ni moja: fuata njia yenye alama mpya za gari au pikipiki, na usikate kona porini hata kwa ajili ya haja ndogo. Nenda baada ya nyasi kuungua au kulala, Agosti na Septemba.

Vilima vya mchanga wa kijivu unavyoviona ni marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Vinavutia kuchezea baiskeli, lakini viache: dhahabu yake ilikamatwa kwa zebaki, na mengine huchenjuliwa tena kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu. Usichote maji kwenye mabwawa ya jirani hata kwa kuoshea mnyororo, na nawa mikono kabla ya kula.

Kutoka Mbeya hadi Chunya ni kama kilomita 70 za lami. Unapanda kwanza kupitia msitu wa Kawetire, juu ya mita 2,000, kisha unashuka kwa muda mrefu. Kwenye mteremko vuta breki kwa nguvu, achia, vuta tena. Ukizishikilia muda wote rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Toka Chunya kuelekea Makongolosi ndipo utafute vijia vya pembeni. Beba lita 4 za maji kwa siku, na usivae bluu iliyokolea wala nyeusi, rangi hizo huwaita mbung'o.

Baiskeli yangu ina valvu nyembamba. Nikipata pancha vijijini, tyubu ya Phoenix itafaa? Rimu ni 700.
*Msomaji, Iringa mjini*

Tairi la Phoenix la 28 x 1½ halifai: kipenyo cha rimu yake ni milimita 635, cha yako ni 622, litapwaya. Tyubu yake kwa ukubwa ingeingia, lakini tundu la rimu yako ni la milimita 6.5 na shina la valvu yake ni nene zaidi. Usikubali fundi alipanue kwa msumari wa moto au drili bila kulainisha kingo, zitakata tyubu. Beba tyubu 2 zako mwenyewe, pamoja na kile kidude cha shaba cha kuvika valvu ili pampu ya kawaida ishike.